Majina ya nguo za mtoto mchanga yalivyoshuka bandarini Mombasa

Mwanamke wa Buxton akiingia mwezi wa tisa, mkoba wa hospitali huwa umeshafungwa na kuwekwa karibu na mlango. Ndani mna leso mbili au tatu kuukuu, zilizofuliwa mpaka zikawa laini. Mna nepi za kitambaa na pakiti ya pampasi, shali, kofia, soksi zisizozidi kidole gumba, na rompa mbili za mtumba kutoka Kongowea, zilizochemshwa na kupigwa pasi nje na ndani. Mama mkwe atauliza kama pamba imo. Hakuna atakayeuliza majina ya vitu hivyo yametoka wapi, na usiku wa uchungu kweli si wakati wa maswali hayo.

Ukiyafuata jina kwa jina, hata hivyo, safari ni ndefu. Leso ni ya Wareno. Nepi ni ya Waingereza, ambao asili yake waliipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Warumi. Shali ni neno la Waajemi, kofia ni la Waarabu, rompa na pampasi zimevuka bahari kutoka Marekani. Karibu kila kitu kitakachogusa ngozi ya mtoto siku yake ya kwanza kina jina lililoshushwa bandarini. Lakini sikiliza atakachofanyiwa kwa vitu hivyo: kuvikwa, kufunikwa, kufungwa, kulazwa, kuelekwa. Hayo ni maneno ya Kibantu, na yalikuwa yakisemwa pwani hii kabla merikebu ya kwanza ya Mreno haijaonekana.

Buxton wenyewe ni mtaa wenye jina la kuazima. Ni jina la ukoo wa Kiingereza, na wamishenari wa CMS walikuwa na shule iliyoitwa hivyo hapa Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20. Nyumba za zamani za mtaa, za enzi ya ukoloni, zilianza kubomolewa mwaka 2021, na mahali pake pakasimama ghorofa za Buxton Point. Kwa habari ya nguo, mtaa umekaa pazuri. Ukivuka daraja la Nyali unaangukia Kongowea kwenye mitumba; ukigeuka kuelekea mjini unafika Marikiti, na pembeni yake Biashara Street, ambako leso zimetundikwa kuanzia kizingitini hadi darini.

Leso ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu ndiyo inayompokea mtoto. Nesi akishamkata kitovu, la kwanza atakalosema ni: “Mama, leso iko wapi?”

Vasco da Gama alitia nanga Mombasa Aprili 1498, na baada yake Wareno wenzake walirudi na mizinga. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, na Desemba 1698 wakatolewa humo na Waomani baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Ukipima muda waliokaa, maneno waliyoacha ni machache, lakini ni ya vitu vya kila siku: meza, kasha, karata, bendera, mvinyo, gereza. Mawili ni ya vitambaa. Foronya ya mto ni fronha yao, na leso ni lenço, kitambaa cha mkononi au cha kufunga kichwani. Lenço nayo imezaliwa na linteum ya Kilatini, kitambaa cha kitani, kutoka linum, yaani mmea wa kitani wenyewe. Kwa ukoo huo leso ni binamu wa linen ya Waingereza, ingawa leso ya pamba ya Mombasa na shuka la kitani la Ulaya hawafanani hata kidogo. Wala vitambaa walivyouza Wareno havikufumwa kwao. Bidhaa nyingi za pamba walizoleta pwani ya Afrika Mashariki zilitoka Gujarat na sehemu nyingine za India. Kazi ilikuwa ya Mhindi, jina likawa la mwenye merikebu.

Kamusi za wamishenari wa karne ya 19 zinaieleza leso kuwa kitambaa cha mkononi, na kwa wakati wao walikuwa sahihi. Vitambaa hivyo vya rangi viliuzwa vikiwa havijakatwa, vimefuatana kwenye jora moja. Hadithi inayosimuliwa zaidi, na wengi huiweka Unguja katikati ya karne hiyo, ni kwamba wanawake walinunua vitambaa sita kwa pamoja, wakavikata vitatu vitatu, kisha wakaviunga safu mbili kwa sindano. Ikapatikana nguo moja pana ya kujifunga. Wafanyabiashara hawakuchelewa kuona. Kwa nini mteja aumie na sindano ilhali kiwanda kinaweza kuchapa kipande kizima? Kufikia miaka ya 1880 viwanda vya Ulaya, miongoni mwao kile cha Vlisco katika mji wa Helmond huko Uholanzi, vilikuwa vikichapa nguo hizo kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki. Baadaye zikaja za Japani na za India, na baada ya uhuru za viwanda vya hapa hapa.

Nguo ile mpya ilipata majina mawili. Kanga, kwa madoadoa ya ndege wa jina hilo kama inavyosemwa, lilishika Unguja na bara ya Tanganyika. Mombasa ilibaki na jina la kitambaa kidogo na kulivika kitambaa kikubwa. Ndiyo maana mpaka leo mgeni wa Mombasa aliye Dar es Salaam akiomba leso ya kumfunika mtoto ataletewa kitambaa cha kupangusia makamasi. Mwenyeji wake atadhani mtoto ana mafua.

Biashara Street ina jina moja ambalo kila mwanamke wa pwani amewahi kulisoma kwenye upindo: Mali ya Abdulla. Ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye nyumba yake ya biashara imekuwepo tangu 1887. Huyo ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuingiza maneno kwenye leso, kwanza kwa hati za Kiarabu, halafu kwa hati za Kirumi. Leso ikakamilika sehemu zake tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno ya chini yanayosema asichotaka kusema mvaaji kwa mdomo wake. Upana wake ni kama mita moja na urefu kama mita moja na nusu, na huuzwa mbili mbili kwa doti. Doti nalo ni neno la Kihindi, dhoti, shuka ya mwanamume. Kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya mtoto, lakini mtoto hajawahi kuona nguo iliyomfaa zaidi.

Leso mpya haimfai, na mama yeyote wa Mji wa Kale atakuambia. Ikitoka dukani ina wanga wa kiwandani, imekauka kama karatasi na rangi bado inatoka. Mtoto mchanga hupewa leso ya bibi yake, au ya mama iliyofuliwa miaka kadhaa, ambayo jina lake limefifia mpaka halisomeki. Nguo yake ya kwanza inakuwa nguo ya mtu mzima iliyochoka.

Nepi ilipitia mlango huo huo, ila kwa Waingereza. Warumi walikuwa na mappa, kitambaa cha mezani cha kufutia mikono, na ndicho pia kilichoangushwa uwanjani kuashiria mashindano ya magari ya farasi yaanze. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa karne ya kwanza, alisema neno lenyewe si la Kilatini. Warumi walilipata kwa watu wa Carthage, yaani Afrika ya Kaskazini. Wafaransa wakageuza m kuwa n wakapata nappe, kitambaa cha meza. Waingereza wakachukua nape ya Kifaransa cha kale wakaiunga na -kin, kiambishi cha kudogosha, ikawa napkin, kitambaa kidogo cha meza. Karne zikapita. Kitambaa kikashuka kutoka mezani kwenda kwenye matako ya mtoto, jina likafupishwa katika karne ya 20 kuwa nappy, na yaya, nesi na muuza duka wa Mombasa wakalimeza pamoja na kazi yake: nepi.

Ukoo wa mappa una watu wa ajabu. Aproni ya mpishi ni ndugu wa nepi: Waingereza waliiita napron, lakini masikio yao yakaihamisha ile n ya mwanzo ikaangukia kwenye neno lililotangulia. Ramani nayo imo, kwa sababu Walatini wa zama za kati waliuchora ulimwengu juu ya kitambaa, wakauita mappa mundi, ndipo Kiingereza kikapata map. Baharia aliyeongozwa na ramani hadi Kilindini na mtoto aliyefungwa nepi Buxton wanatumia neno moja.

Wamarekani, kwa upande wao, walishika diaper, ambalo mizizi yake ni ya Kigiriki na maana yake ni cheupe kabisa. Lilikuwa jina la kitambaa cha thamani chenye nakshi, na Shakespeare alipolitumia mwanzoni mwa The Taming of the Shrew alimaanisha taulo ya bwana mkubwa ya kufutia mikono. Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Leso, napkin na diaper zilikuwa zote vitambaa vya watu wazima wenye adabu zao, vya mkononi na mezani, na zote tatu zikaishia kwa mtu asiye na adabu hata chembe.

Kabla ya nepi palikuwa na winda, na Tanzania neno hilo bado liko kazini. Kwa asili winda, au uwinda, ni namna ya kufunga nguo: kitambaa kinapitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa kiunoni. Wavuvi, mabaharia na wachukuzi walipiga winda ili miguu ifanye kazi. Mtoto alipigwa winda kwa sababu nyingine, lakini mkunjo haukupishana sana. Chukua kitambaa cha mraba, kikunje pembetatu, mlaze mtoto upande mrefu ukiwa chini ya kiuno, kisha ipandishe ile ncha ya chini katikati ya mapaja. Pembe tatu zikutane chini ya kitovu na zifungwe. Pini ya kufungia, ile yenye kofia inayoficha ncha, ni kazi ya Mmarekani Walter Hunt, aliyeipatia hataza mwaka 1849 na kuiuza kwa dola 400 ili alipe deni. Kabla yake fundo lilitosha.

Kitambaa cheupe kilichofaa kwa kazi kama hiyo kilikuwa na jina lake pwani: merikani. Mwaka 1833 Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara wa Marekani na Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akafika Unguja kuwa konseli wa kwanza. Mwaka huo huo Mazrui wa Mombasa waliangushwa na Sayyid Said, na kisiwa kikaingia katika soko lile lile. Merikebu za Salem zilileta pamba nzito isiyopauliwa, zikaondoka na pembe, ngozi na sandarusi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata shehena hizo. Viwanda vya Uingereza na Bombay vikajaza pengo kwa kitambaa cha kuiga, na wateja wakaendelea kukiita merikani ingawa hakikuwa kimeiona Marekani.

Mpaka hapa majina karibu yote ni ya bidhaa. Mbeleko ni habari nyingine.

Mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, na jina halikuja na jora lolote. Limetokana na kitenzi: kubeleka, au kueleka kama wasemavyo wengine, na nguo yenyewe wapo wanaoiita ubeleko au weleko. Kishona cha Zimbabwe kina kubereka, na maana zake ni mbili, kuzaa na kubeba mtoto mgongoni. Kizulu kina beletha, kwa maana hizo hizo. Ule mwanya kati ya eleka na bereka una historia yake: Kiswahili kiliiangusha b ya Kibantu cha kale katika maneno mengi, na neno nguo ni mfano mzuri, kwa kuwa Mzulu bado anasema ingubo. Kwa hiyo nguo na kueleka ni watoto wa nyumba moja waliopoteza jino moja. Chochote kilichofungwa mgongoni, ngozi ya mnyama zamani, kaniki, merikani, leso ya Abdulla, kilikuwa mbeleko maadamu kinafanya kazi hiyo.

Na kazi yenyewe ina ufundi. Mama huinama mpaka mgongo uwe sawa na meza, mtoto akawekwa kifudifudi juu yake, mkono mmoja wa mama ukirudi nyuma kumshika. Leso inarushwa juu. Upindo wa juu unapita chini ya makwapa ya mama na kufungwa juu ya matiti. Wa chini unaingizwa chini ya matako ya mtoto, ukavutwa mbele na kupotolewa ubavuni. Mama anapoinuka miguu ya mtoto imetanuka, moja kila upande wa kiuno, na magoti yamekunjwa.

Mkao huo wa miguu umekuja kuwavutia madaktari wa mifupa. Ulaya kwa karne nyingi mtoto alizungushiwa mikanda ya kitambaa kuanzia mabegani hadi nyayoni, mikono ubavuni na miguu imenyooshwa pamoja. Kiingereza kiliita mikanda hiyo swaddling clothes, neno la kuunga: nusu ya kwanza ni kitenzi chao cha kale cha kufunga kama bandeji, nusu ya pili ni nguo. Daktari William Cadogan aliishambulia desturi hiyo London mwaka 1748, na Rousseau akaipigia kelele Ufaransa mwaka 1762 katika Émile. Walitetea uhuru wa mtoto na afya yake kwa jumla. Habari ya nyonga ilijulikana baadaye. Kunyoosha miguu ya mtoto mchanga na kuifunga huweza kuitoa nyonga mahali pake, na Japani ilianza kampeni mwaka 1975 kuwaasa wazazi waache. Kinyume chake, watafiti wa Blantyre nchini Malawi walieleza mwaka 2015 kwamba tatizo hilo ni adimu mno kwa watoto wa huko, wakaona kubelekwa kuwa sababu inayowezekana.

Ile swaddling clothes iliwafikia wafasiri wa Biblia pwani kama jiwe dogo kwenye mchele. Katika Injili ya Luka, Kigiriki kina kitenzi kimoja tu kwa kitendo cha Mariamu cha kumfunga mwanawe mikanda, na Biblia za Kiingereza za karne ya 16 zikalitia lile neno la kuunga. Kazi ya kuandika Kiswahili kwa hati za Kirumi kwa ajili ya Biblia ilianza Mombasa. Johann Ludwig Krapf wa CMS alifika Mei 1844, na Julai mwaka huo mkewe Rosina alijifungua binti. Katika muda wa siku chache mama na mtoto wote walifariki. Kaburi liko ng'ambo ya maji, upande wa Nyali, si mbali na daraja wanalovuka watu wa Buxton. Krapf aliendelea. Sarufi yake ilichapishwa 1850, na kamusi kubwa, iliyojengwa juu ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Baada yake William Taylor, aliyefanya kazi bega kwa bega na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, alifasiri sehemu za Injili kwa Kimvita.

Biblia ya Kiswahili iliyokuja kuenea kuliko zote, ile ya Muungano ya 1952, haikuhangaika na mikanda. Wafasiri waliandika tu kwamba ni nguo za kitoto. Kwa msomaji wa Mombasa hilo linaleta picha ya leso, na pengine ni uamuzi wa busara kuliko kumletea mikanda ya kuzungusha ambayo angeidhania ya maiti au ya jeraha.

Safari ya kinyume nayo imefanyika. Ann Moore, nesi wa Marekani aliyekuwa Togo na kikosi cha Peace Corps, aliona akina mama wakibeba watoto mgongoni. Aliporudi kwao katika miaka ya 1960 alimwomba mama yake amshonee mfuko wa kufanana. Ukaitwa Snugli, ukapata hataza mwaka 1969. Kwa kitendo chenyewe Kiingereza hakikuwa na kitenzi kama kueleka, na katika miaka ya 1980 daktari William Sears na mkewe Martha wakakieneza kingine cha kuunga, babywearing, kumvaa mtoto. Hivi leo mifuko hiyo ya mikanda na bizimu inauzwa kwenye maduka makubwa ya Nyali kwa bei ambayo Biashara Street ingekupatia leso za ukoo mzima.

Hospitali nazo zimerudi kwenye kitambaa. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey Sanabria wa Bogotá, akiwa hana mashine za kutosha za kuwatia joto njiti, aliwafunga watoto kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ikapewa jina la kangaruu. Utafiti uliochapishwa 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo kwa robo. Katika wodi za Afrika Mashariki kinachomshikilia mtoto kifuani mara nyingi ni leso au kanga ya mama, inayofungwa mbele badala ya nyuma.

Nguo iliyokatwa na kushonwa kwa umbo la mtoto mchanga imechelewa kufika katika hadithi hii, na imefika na majina ya kiwandani. Rompa imetokana na kitenzi cha Kiingereza cha kurukaruka na kucheza, na Wamarekani walianza kuliita hivyo vazi la watoto mwanzoni mwa karne ya 20. Mwenye kuvishwa rompa siku ya kuzaliwa, bila shaka, hawezi kurukaruka popote. Katika miaka ya 1950 Walter Artzt, Mmarekani, alitengeneza vazi la kitambaa kinachonyumbuka linalofunika hadi vidole vya miguu, akaliita Babygro: mtoto na kukua, maneno mawili yaliyogandishwa, na herufi moja ikaachwa njiani. Ilikuwa alama ya biashara, lakini Waingereza sasa huita hivyo vazi lolote la namna hiyo, kama Wamarekani wafanyavyo na Onesies ya kampuni ya Gerber.

Kongowea majina hayo yote huchanganyika. Mtumba ukifunguliwa asubuhi, Babygro ya Uingereza na Onesies ya Marekani huangukia kwenye turubai moja, na muuzaji huziita zote rompa. Mama hukagua vifungo vya katikati ya miguu kwanza, kwa kuwa hivyo ndivyo huharibika mapema, kisha shingo kama haijalegea, halafu hunusa. Rangi huja mwisho. Jina la nguo halimo kabisa katika ukaguzi.

Pampasi ndiyo iliyoshinda haraka kuliko zote. Procter & Gamble walitoa Pampers sokoni mwaka 1961, kazi iliyoanzishwa na mhandisi wao Victor Mills aliyechoshwa na nepi za mjukuu wake. Jina ni la kudekeza. Kwa Kiswahili limepoteza udekezaji wote na kuwa neno la kawaida, kiasi kwamba mteja anaweza kuagiza pampasi za Huggies na mwenye duka asione kosa. Maduka ya mtaani huziuza moja moja, kwa mama ambaye hana pesa ya pakiti nzima, na wengi huzitunza kwa usiku na safari. Mchana nepi ya kitambaa inarudi zamu.

Majina mawili ya zamani yamebaki mahali ambapo hakuna mtoto bado. Katika desturi za harusi za pwani, bwana harusi hutakiwa kutoa, mbali na mahari, vitu vya wazazi wa mke: baba ana kilemba chake, mama ana mkaja na ubeleko. Mkaja ni kitambaa ambacho mwanamke hujifunga tumboni baada ya kuzaa, ili kiuno kirudi. Mama analipwa kitambaa alichojifungia siku alipomzaa huyu binti anayeolewa, na kitambaa alichombelekea. Huko Tanzania mkaja wa mama bado huandikwa kwenye orodha ya posa, mara nyingi kwa shilingi, na bahasha ndiyo inayokabidhiwa. Washenga hubishana kuhusu kiasi, wakati mwingine mpaka chai ikapoa. Kuhusu jina hawabishani, wala mwandishi wa orodha haoni haja ya kueleza kitambaa chenyewe kilikuwa cha upana gani.